Pale Muziki Unapoizidi Filamu

Hotuba kwa wanamuziki na watengeneza filamu vijana, Arusha

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Walimu, waongozaji, maedita, wapiga vinanda, nanyi vijana mliotoka Moshi, Usa River na Monduli kuja kutusikiliza, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie muziki wa filamu, na waandaaji wameniachia nichague mlango wa kuingilia. Nimechagua mlango ambao watu hawaupiti sana. Sitazungumzia filamu kubwa zenye muziki mkubwa, maana hizo zinajitetea zenyewe. Nitazungumzia filamu za kawaida, zile ambazo hadithi yake ni nyepesi na uigizaji wake ni wa kusuasua, lakini ukitoka ukumbini unajikuta unapiga mluzi njia nzima hadi nyumbani. Muziki ulifanya nini humo ndani? Naamini sisi tunaotengeneza filamu kwa fedha za kuunga unga tuna sababu kubwa ya kulijua jambo hilo kuliko wenye fedha nyingi.

Tuanze hapa hapa kwetu. Wengi wenu mmefika Momella, mkayaona maziwa yale na Mlima Meru umesimama juu yake. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, mwongozaji wa Kimarekani Howard Hawks alikuja kushuti upande huo filamu aliyoipa jina la Kiswahili, Hatari!, ikatoka 1962. Stelingi wake ni John Wayne. Kundi la wageni linakamata wanyama wakiwa hai ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Mchana wanamkimbiza kifaru kwa magari na kumtupia twiga kamba, jioni wanakunywa, wanataniana, wanapendana. Hadithi ndiyo hiyo, na inakula zaidi ya saa mbili na nusu. Wenyeji wa nchi hii wamewekwa pembeni, wanabeba vitu na kupokea amri, hawana safari yao wenyewe ndani ya hadithi. Mbio za wanyama ni za kweli, waigizaji wenyewe wako juu ya yale magari, na mpaka leo zinakufanya ushike kiti. Lakini ukiniuliza kama hii ni filamu bora, nitakujibu hapana, na nitalala usingizi mzuri.

Sasa ndani yake kuna sini moja. Mwigizaji wa Kiitaliano, Elsa Martinelli, anawapeleka watoto watatu wa tembo majini kuoga. Adui hayupo. Mazungumzo ya maana hayapo. Ukiiondoa sini hiyo, hadithi haipungukiwi kitu. Mtunzi wa muziki, Henry Mancini, alisimulia baadaye kwamba Hawks mwenyewe hakuwa na hakika aifanyie nini, na alikuwa anafikiria kuikata. Mancini akaomba aitazame, akairudia mara kadhaa, na jicho lake likatua kwenye miguu. Aliona wale tembo wadogo wanatembea kwa mwendo wa bugi-wugi, ule muziki wa dansi wa Kimarekani, mapigo manane kwa kila baa, yaani kila kipimo cha muziki. Akaandika kipande kifupi kisicho na maneno, Baby Elephant Walk. Kinaanza na ala yenye sauti ya kinanda cha sarakasi, halafu klarineti ndogo inaichukua melodi na kuichezea mbele ya watu kwa utundu wa mtoto aliyejua kwamba anatazamwa.

Melodi hiyo ilimpatia Mancini tuzo ya Grammy ya upangaji wa muziki mwaka 1963. Kuna watu duniani ambao hawajaiona Hatari! wala hawajui kama ilishutiwa Arusha, na ukiwapigia baa nne za mwanzo watazimalizia wao. Sini iliyokuwa inasubiri mkasi ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Nataka tukae kidogo hapa, maana ndipo penye siri. Filamu ile yote, ukiitazama kwa makini, ni ya watu wazima wanaocheza. Wanakimbiza, wanaanguka, wanacheka, kesho wanarudia. Hawks alikuwa na furaha hiyo moyoni, lakini hakupata njia ya kuitamka. Hadithi yake ikawa inazunguka zunguka ikitafuta uzito ambao haukuwepo. Mancini aliitamka ile furaha kwa dakika chache. Baada ya sini ile, hata mbio za magari unaziona kwa jicho jingine. Unawasamehe wale watu. Unakubali kwamba hawakuja kukuambia jambo zito, wamekuja kucheza, na unacheza nao.

Basi hili ndilo nililokuja kulisema jioni hii. Mtunzi mzuri akikabidhiwa filamu dhaifu, huiandikia muziki filamu nyingine: ile ambayo mwongozaji aliitamani, akaiota, akashindwa kuifikia kwa sababu ya fedha, muda, waigizaji au uwezo wake mwenyewe. Mtazamaji anapokaa kwenye kiti, macho yake yanaiona filamu iliyopatikana na masikio yake yanaisikia iliyokusudiwa. Moyo unachagua, na mara nyingi unayafuata masikio.

Na sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuna ushahidi wa hilo ambao wenzetu wengi hawana. Kumbukeni tulivyokaa. Televisheni moja, mabenchi, joto, na filamu ya Kichina au ya Kimarekani ambayo lugha yake hatuijui. Siku ambayo mkanda una mtafsiri tulishukuru, na siku ambayo hauna tulitazama vilevile mpaka mwisho. Nani alitueleza kwamba adui amejificha nyuma ya mlango? Tulijuaje kwamba yule mzee mpole atamsaliti stelingi? Tulisikia. Nyuzi zilishuka chini, ngoma ikaanza kugonga polepole, na kibanda kizima kikanyamaza. Hata watafsiri wale wazuri, wenye maneno mengi kama mvua ya masika, walijua pahali pa kufunga mdomo na kuuacha muziki upite. Wazazi wetu nao waliimba nyimbo za filamu za Kihindi kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kujua neno moja, na walilia mahali palipotakiwa kuliwa. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba muziki wa filamu ni anasa ya mwishoni. Kwa watazamaji wa nchi hii, kwa miaka mingi, muziki ndio uliokuwa hadithi.

Niwape mfano wa pili, wa mbali kidogo. Desemba 1979 ilitoka Star Trek: The Motion Picture, filamu ya safari za angani iliyotokana na tamthilia ya televisheni, ikiongozwa na Robert Wise. Ilikimbizwa ili iwahi tarehe ya kutoka, na wahakiki wengi walilalamika kwamba inajivuta. Kuna sehemu ambapo nahodha Kirk anapandishwa kwenye chombo kidogo na kuzungushwa aione meli yake ya angani ambayo hajaiona kwa muda mrefu. Anaizunguka tu. Karibu dakika tano nzima, na maneno hakuna. Mwanafunzi wangu akiniletea sini kama hiyo nitamwambia kata, bakiza nusu dakika.

Mtunzi alikuwa Jerry Goldsmith. Alipoleta muziki wake wa kwanza wa sehemu hiyo, Wise aliukataa. Ulikuwa muziki mzuri, wenye upepo wa meli za matanga, lakini Wise alimwambia kwamba haujabeba melodi kuu, hauna wimbo ambao mtu ataushika. Jambo kama hilo linauma. Goldsmith alirudi akaandika upya, na alichokiandika ndicho kiliichukua ile sini. Mwitazameni Kirk anavyoitazama meli, kisha zibeni masikio. Utaona mwanamume anaangalia modeli ya meli. Zibueni masikio. Sasa ni mtu aliyerudi kwa kitu anachokipenda na anaogopa kwamba hakitamkubali tena. Uso ni ule ule. Melodi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1987, ilipoanza tamthilia mpya ya televisheni ya ukoo huo wa Star Trek, waliichukua ikawa wimbo wake wa ufunguzi.

Waongozaji, mmesikia hapo? Mwongozaji aliyeukataa muziki mzuri ndiye aliyepata muziki mkubwa. Lakini aliukataa akijua sababu, na akampa mtunzi nafasi ya kurudi mezani. Huwezi kumpa mtu filamu Ijumaa usiku, ukaitaka Jumatatu asubuhi, halafu ukamkatalia.

Ndugu zetu wa Moshi wasione nimewasahau. Mwaka 1952 studio ya Fox ilitoa The Snows of Kilimanjaro, Gregory Peck akiwa mwandishi aitwaye Harry, anayeoza mguu porini huku akiukumbuka ujana wake. Hadithi ni ya mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway, aliyoichapisha 1936, na ndani yake Harry anafariki. Kwenye filamu wakampatia nafuu, akaokolewa, kwa sababu tiketi zinapenda mtu apone. Sehemu kubwa ilishutiwa ndani ya studio Marekani, na mlima wenu wenyewe, mnaouona kila asubuhi mawingu yakikubali, ukabaki kuwa pambo. Lakini muziki aliuandika Bernard Herrmann. Kuna walsi yake ya kumbukumbu humo, yaani muziki wa dansi wa mapigo matatu matatu, ya taratibu, inayorudi rudi kama jina la mtu usiyetaka kumtaja. Nimeisikiliza mara nyingi, na kwa sikio langu muziki ule haukukubaliana na uponyaji wa filamu. Picha zinasema Harry ataishi. Nyuzi zinajua kwamba kile alichokipoteza hakirudi. Kifo ambacho waandishi wa filamu walikikwepa kilibaki salama mikononi mwa mtunzi, na ndicho kinachoifanya filamu ile bado iguse.

Mtunzi Max Steiner nampitia kwa haraka. King Kong, 1933. Wakubwa wa studio ya RKO hawakutaka kugharimia muziki mpya. Walimtaka Steiner atumie uliokuwepo. Mtengenezaji, Merian Cooper, akasema andika, gharama nitabeba mimi. Yule sokwe mkubwa anayetisha jiji zima alikuwa kidoli kifupi chenye manyoya, kinachosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Anapoanguka kutoka juu ya jengo watu wanasikitika. Hawakisikitikii kidoli. Steiner alikuwa amekipa roho.

Lakini sitaki kuwadanganya, hasa ninyi mnaotafuta fedha za filamu yenu ya kwanza. Muziki hauponyi kila ugonjwa. Mwaka 1995 ilitoka filamu ya maharamia, Cutthroat Island. Iligharimu takriban dola milioni 100, na huko Marekani ikaingiza kama milioni 10 tu. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika. Muziki wake, wa John Debney, ulipigwa na London Symphony Orchestra, na ni wa kifalme, kuna bahari nzima ndani yake. Wapenzi wa muziki wa filamu wanausikiliza hadi sasa na kuusifu. Haukuuza tiketi. Muziki uliweza kuipa filamu ile maisha baada ya mazishi, haukuweza kuzuia mazishi.

Na kuna mahali ambapo muziki unaweza kuharibu zaidi. Mwigizaji asiyehisi kitu, ukimwekea vinanda vya kulia juu ya uso wake mkavu, umemuumbua. Ukimya ungemsitiri. Vilevile kama sauti za maneno hazisikiki kwa sababu maiki ilikuwa mbali, usiongeze kinanda ukidhani unaziba tatizo. Unalizika tatizo pamoja na maneno.

Hapo ndipo nafika kwetu, kwenye Bongo Muvi, na naomba mnisikilize kwa upendo kwa sababu nazungumza kwa upendo. Tunazo filamu nyingi ambazo kinanda kinaanza na jina la kampuni na kinamalizika na shukrani. Watu wanakula, kinanda. Watu wanagombana, kinanda kile kile. Muziki usionyamaza haumwambii mtazamaji chochote, kwa sababu sikio linauzoea baada ya dakika mbili na kuufuta.

Tabia ya pili inaniumiza zaidi. Edita anahitaji huzuni, anaingia intaneti, anachukua muziki wa filamu ya Ulaya au Marekani ambao dunia nzima inaujua, anaubandika. Mama anamlilia mwanawe Ngaramtoni, kumbe chini yake unalia muziki wa Titanic. Mtazamaji ataondoka msibani. Atakwenda baharini, kwenye meli, kwenye barafu, kwa wapenzi wengine kabisa. Ule muziki umekwisha kubeba kumbukumbu ya watu wengine, na hauwezi kubeba yako. Sijagusa bado sheria ya hakimiliki, ambayo ipo na inakulinda wewe pia. Ukiipandisha filamu hiyo YouTube, mfumo wao utautambua muziki na mapato yatakwenda kwa mwenye nao. Umetafuta huzuni ya bure, umelipa kwa filamu nzima.

Na wakati tunafanya hivyo, tumezungukwa. Nasema tumezungukwa! Makumira, hapo tu barabara ya kwenda Moshi, chuo kinatoa shahada ya muziki. Vijana wanaosoma na kuandika nota, wanaopiga ala za nyuzi na ala zetu za asili, wako umbali wa daladala. Panda miteremko ya Kilimanjaro, Machame, Marangu, sharika za Kilutheri zina bendi za tarumbeta ambazo zimepiga kwenye harusi na mazishi ya vizazi kadhaa. Hivi kwa nini sijawahi kuisikia tarumbeta ya msibani ikibeba filamu nzima ya Kichagga? Ile pumzi inayotetemeka kidogo mwishoni mwa nota, shaba iliyozeeka, watu sita wanaojuana tangu utotoni: hakuna programu ya kompyuta itakayokupa hicho. Wamasai wanaujenga muziki mzima kwa koo zao, sauti moja inaongoza na nyingine zinanguruma chini yake, na mwongozaji mwenye sini ya hofu hahitaji zaidi ya ule mngurumo. Kundi la X Plastaz, watoto wa mji huu, walishatuonyesha kwamba sauti hiyo inakaa na hip hop bila kugombana. Albamu yao Maasai Hip Hop ilitoka 2004. Wagogo wana ilimba, ile marimba ya vidole, na zeze la nyuzi. Hawks aliporudi kwao alibeba sanduku la ala za Afrika, zikiwemo marimba za vidole na maganda makubwa ya mbegu yanayolia ukiyatikisa, na Mancini akazitumia kwenye Hatari!. Ala zilivuka bahari kwenda kuinua filamu ya watu wengine. Wanaozipiga wapo hapa leo, wengine wameketi safu ya nyuma kabisa.

Msiniambie kuhusu okestra. Herrmann huyo huyo wa Kilimanjaro, kwa ajili ya Psycho ya 1960, aliamua kutumia ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Filamu yenyewe ilikuwa ya gharama ndogo kwa viwango vya Hollywood. Mwongozaji wake, Hitchcock, alitaka ile sini maarufu ya mauaji bafuni iende bila muziki kabisa. Herrmann akaandika hata hivyo, Hitchcock akasikiliza, akabadili msimamo. Ala chache zilizochaguliwa kwa sababu zinaweza kuwa na nguvu kuliko ala nyingi zilizokodiwa kwa kujionyesha. Zeze moja na sauti ya mwanamke mmoja, zikiingia mahali pake, zinatosha kwa dakika tisini.

Kwa hiyo, waongozaji, mwiteni mtunzi wakati mswada bado una makosa. Mpelekeni lokesheni asikie upepo wa pale. Kaeni naye, mtazame filamu ikiwa haina muziki kabisa, na mkubaliane kwanza mahali ambapo muziki hautaingia. Mwambieni ukweli ambao hamwezi kumwambia mfadhili: sini hii ilinishinda, mwigizaji hakufika, jua lilizama, nilitaka watu waone kwamba dada huyu amemsamehe baba yake na haionekani. Hiyo ndiyo kazi anayoisubiri. Akijua ulichokitamani atakutafutia. Ukimwambia tu "weka kitu cha huzuni hapa", atakuwekea kitu cha huzuni hapo.

Na mlipe. Fedha ya mtunzi iandikwe kwenye bajeti siku ile ile inapoandikwa fedha ya kamera na ya chakula, isiwe chenji iliyobaki.

Nanyi wanamuziki, msiidharau filamu mliyopewa. Ukiiona dhaifu ukaipigia muziki dhaifu, zitakufa pamoja. Mancini alipewa tembo watatu wanaokwenda kuoga, akaitazama miguu yao kwa heshima yote.

Nimewaomba waandaaji watuachie ukumbi na projekta kwa saa moja baada ya maswali. Kama una filamu iliyo kwa edita sasa hivi, na ndani yake kuna sini ya dakika mbili au tatu ambayo imekushinda na ulikuwa unafikiria kuikata, ilete hapa mbele kwenye flashi. Tutaitazama bila sauti. Vinanda vipo, zeze lipo, na kuna vijana wawili wamekuja na tarumbeta zao. Nani anaanza?